Malori yanapita, mtaa haubadiliki: pesa ya mpakani inaishia wapi?

Kila Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inapotangaza makusanyo yake, malalamiko ya watu wa mipakani huwa yaleyale. Tunduma wanasema malori yanapita kwao usiku na mchana kwenda Zambia na Kongo, forodha inakusanya mabilioni, lakini ukiacha barabara kuu ukaingia mtaa wa nyuma hakuna mtaro, maji ni ya kununua kwa ndoo na watoto wanabanana darasani. Namanga, Sirari, Mutukula na Holili wimbo ni huohuo. Wapo wanaoamini halmashauri inazila hizo pesa. Wapo wanaosema Dodoma inawanyonya. Na wapo waliokuwa wakisubiri kituo cha pamoja cha mpakani kilete neema, kikaja, neema wakaisikia kwenye hotuba.

Hoja zote tatu zinachanganya mifuko ya fedha ambayo kisheria haikutani. Mtu asipoitenganisha atamdai diwani kitu ambacho diwani hana, na atasahau kumdai alichonacho.

Tuanze na majina. Forodha ni kodi na ushuru unaotozwa bidhaa zinapoingia nchini. Inakusanywa na TRA. Mapato ya ndani ni fedha ambazo halmashauri yenyewe inakusanya kwa sheria na sheria ndogo zake: leseni, ushuru wa soko, ushuru wa mazao, maegesho, pango la vibanda. Ruzuku ni fedha inayoshuka kutoka Serikali Kuu kwenda halmashauri, na ndiyo inayolipa mishahara ya walimu na wauguzi pamoja na miradi mingi mikubwa.

Biashara ya mpakani kwa halmashauri ni kama mfereji wa maji unaokatiza shamba la mtu. Kuuona ukipita hakumwagilii mche hata mmoja. Kinachomwagilia ni mlango mdogo ambao mwenye shamba ameruhusiwa kuufungua. Makala hii inahusu milango hiyo: ipo mingapi, inapitisha nini, na kwa nini mingine imeziba.

Lori la Lubumbashi linaacha nini Tunduma?

Chukua lori lililopakia mzigo bandarini Dar es Salaam, linakwenda Lubumbashi, Kongo. Litasafiri zaidi ya kilomita 900 ndani ya Tanzania, livuke Tunduma kuingia Nakonde, likatize Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani na Kongo. Mzigo huo ni wa transiti. Haulipi ushuru wa forodha wala VAT ya Tanzania, kwa sababu hautumiki hapa. Wakala wa forodha anaweka dhamana kwamba mzigo utatoka nchini kweli, kontena linafungwa lakiri ya kielektroniki, na afisa wa Tunduma kazi yake kubwa ni kuthibitisha kwamba umetoka ili dhamana ifunguliwe. Kwa hiyo ile picha ya lori likisimama mpakani na kumwaga kodi haipo. Tanzania inafaidi bandarini, kwenye mafuta yanayojazwa njiani na kwenye tozo ya barabara kwa magari ya nje. Tunduma inapata sahani ya wali ya dereva, chumba chake, maegesho, pancha na vocha.

Bidhaa zinazoingia nchini kwa matumizi ya hapa ndizo zinazolipa. Lakini fedha hiyo haikai wilayani hata usiku mmoja. Ibara ya 135 ya Katiba inasema mapato ya Serikali yanaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Afisa wa TRA wa Tunduma hana kasma, yaani fungu la bajeti, la mtaro wa Tunduma, na mkurugenzi wa halmashauri hawezi kumuomba.

Kwenye mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki jambo hili limekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2014 utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha unataka kodi ya mzigo unaokwenda Uganda au Rwanda ilipwe kwa mamlaka ya nchi hiyo kabla mzigo haujatoka bandarini. Lori likifika Mutukula au Rusumo, habari ya kodi ilishakwisha.

Je, fedha ya Hazina hairudi kabisa? Inarudi, kwa njia ya ruzuku na miradi. Ila vigezo vya mgawo ni mambo kama idadi ya watu, hali ya umaskini na mahitaji ya shule na zahanati. Wilaya ilikusanya kiasi gani getini si kigezo. Na ni haki iwe hivyo: la sivyo Dar es Salaam yenye bandari ingechukua karibu kila kitu, na wilaya isiyo na mpaka wala bandari ingekufa.

Wilaya za mpakani wana hoja yao moja ya kweli, ambayo kwa bahati mbaya haisemwi sana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kwa mahali walikolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mji wa mpakani mchana unabeba watu wengi kuliko wanaolala pale: wachuuzi wa upande wa pili, wanunuzi wa nafaka, wapagazi, bodaboda wanaotoka vijiji vya jirani. Wote wanatumia choo cha soko, maji ya stendi na zahanati, kisha jioni wanaondoka na kuhesabiwa kwingine. Diwani anayetaka kuibana wizara angekuja na takwimu za wagonjwa wa zahanati yake na wakazi wa kata yake, aziweke sambamba. Hiyo ina nguvu kuliko kupiga kelele kuhusu mabilioni ya TRA.

Mlango wa halmashauri

Hapa ndipo penye kazi. Milango ya halmashauri ni midogo, na kila mmoja una kufuli lake.

Ushuru wa huduma unatozwa kwenye mauzo ya biashara, kwa kiwango kisichofika hata nusu ya asilimia moja. Kidogo hicho kinakuwa kikubwa kwa kampuni za usafirishaji na uwakala wa forodha zenye mzunguko mkubwa. Tatizo la mpakani ni kwamba kampuni nyingi zina makao makuu Dar es Salaam, na ofisi ya mpakani ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili. Mauzo yote yanaandikwa makao makuu na ushuru unalipwa huko. Sheria inaruhusu halmashauri kudai ushuru huo kwa mauzo ya tawi lililopo kwake, lakini lazima iwe na orodha ya matawi na ijue yanafanya kazi kiasi gani. Halmashauri nyingi hazina orodha hiyo. Zina mgambo wa kukimbizana na muuza nyanya.

Ushuru wa mazao ndio unaoleta ugomvi getini. Mambo matatu yakieleweka, nusu ya ugomvi unaisha. Kwanza, mlipaji ni mnunuzi, mkulima hahusiki, na kiwango hakizidi asilimia 3 ya bei ya shambani. Pili, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mzigo usiozidi tani moja ukihamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Tani moja ni magunia kumi ya kilo 100. Lumbesa huhesabiwa kwa uzito wake, haijalishi ni magunia mangapi. Tatu, ushuru unalipwa mara moja tu, kwenye halmashauri mazao yalikonunuliwa. Mahindi ya Sumbawanga yanayovuka Tunduma yamelipiwa Sumbawanga. Mahindi ya Mbozi yamelipiwa Mbozi. Geti la Tunduma kuyatoza tena ni kosa, na msafirishaji mwenye stakabadhi ya kule alikotoka hana sababu ya kutoa senti. Asiye na stakabadhi hana utetezi, na wanunuzi wengi wanaikosa kwa kuwa walikubaliana na mkusanyaji "wamalizane" huko shambani kwa nusu bei.

Kwa hiyo biashara ya nafaka, ambayo watu wanadhani ndiyo utajiri wa mji wa mpakani, inaiachia halmashauri ya mpakani kidogo sana. Inachoacha ni pango la maghala, leseni za wanunuzi na vibarua.

Halafu ni mlango ambao hauaminiki. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, na mji mzima wa Tunduma ukasimama. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ikalegeza zuio baada ya siku chache kwa masharti. Halmashauri iliyopanga bajeti kwa kudhani malori yatapita siku 365 hujikuta Mei haina hela ya kumalizia paa.

Ushuru wa soko ni mdogo kwa mtu mmoja lakini ni wa kila siku, kwa hiyo tuupigie hesabu. Tuseme soko lina wauzaji 200, kila mmoja analipa shilingi 500, siku 26 kwa mwezi. Ni shilingi 2,600,000. Wakati wa ujenzi wa madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, mwaka 2021, Serikali ilitenga shilingi milioni 20 kwa darasa moja. Sasa saruji na nondo zimepanda, lakini tushike hiyo hiyo. Ushuru wote wa soko ungekwenda kwenye ujenzi, darasa lingekamilika ndani ya miezi minane. Haupelekwi wote. Mwongozo wa bajeti huitaka halmashauri ipeleke kwenye maendeleo asilimia fulani ya mapato yake yasiyolindwa, yaani yasiyofungwa kwa kazi maalumu, kutegemea uwezo wake. Tuseme ni asilimia 40: soko linatoa 1,040,000 kwa mwezi, na darasa linachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Sasa mkusanyaji akipoteza robo ya makusanyo njiani, darasa lilelile linavuka miaka miwili.

Robo hiyo inapotelea wapi? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimekuwa zikirudia jambo lilelile mwaka baada ya mwaka: fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS, zile za kutolea stakabadhi, hazikufika benki. Mashine inazimwa au inaachwa nje ya mtandao, mkusanyaji anaandika kwa mkono, au anakaa na taslimu wiki nzima mpaka inaingia kwenye matumizi yake. Dawa ya mlipaji ni ya kizamani: usilipe bila stakabadhi ya mashine, na uangalie tarehe na kiasi kilichochapwa hapo hapo. Stakabadhi ya kitabu cha karatasi isikuridhishe.

Kuna shimo jingine ambalo halikusababishwa na wizi. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4. Mwenye kitambulisho hakupaswa kusumbuliwa kwa ushuru mdogo mdogo. Kwa muuza mboga ilikuwa nafuu kubwa: shilingi 500 kwa siku 26 kwa miezi 12 ni 156,000. Lakini nafuu hiyo ya kila muuzaji ilitoka kwenye bajeti ya halmashauri. Wote wawili walikuwa sahihi, machinga aliyefurahi na mweka hazina aliyekuna kichwa.

Kituo cha pamoja: kinachofuta na kisichofuta

Kituo cha pamoja cha kutoa huduma mpakani, maarufu kwa kifupi cha OSBP, kimezua imani nyingi kuliko kitu kingine chochote mipakani. Namanga kilizinduliwa Desemba 2018, Tunduma na Nakonde Oktoba 2019. Kinavyofanya kazi ni rahisi: badala ya gari kusimama upande wa kutoka, kisha kusimama tena upande wa kuingia, linasimama mara moja tu upande wa nchi linakoingia. Maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Wa kwanza anakutoa, wa dirisha la pili anakuingiza.

Kinachofutwa ni kusimama mara mbili. Kodi haikufutwa. Cheti cha afya ya mimea hakikufutwa. Uhamiaji upo palepale. Wanaoambiwa na vishoka kwamba "siku hizi mpaka ni huru" ndio wanaokamatiwa mzigo.

Sasa kuna upande ambao hotuba za uzinduzi huwa hazigusi. Uchumi wa mtaani wa mji wa mpakani umejengwa juu ya foleni. Dereva akikwama siku tatu analala siku tatu, anakula mara tisa, anafua nguo, ananunua dawa ya mafua. Akipita kwa saa chache hanunui kitu. Kituo kikifanya kazi ipasavyo, nyumba za kulala wageni na mama lishe ndio wa kwanza kuumia, na leseni na ushuru wao vinapungua pamoja nao. Foleni za Tunduma hazijaisha, zinarudi kila mfumo wa kompyuta unapogoma au upande mmoja unapozidiwa, kwa hiyo wengi hawajaliona hili sawasawa. Lakini mipango ya wilaya inayotegemea foleni inategemea ubovu, na ubovu huo nchi mbili zimetumia fedha nyingi kuuondoa.

Kinachobaki baada ya foleni ni biashara inayohitaji kusimama kwa sababu zake yenyewe: maghala ya kukausha na kupanga nafaka madaraja, karakana za malori zenye vipuri vya kweli, maegesho yenye uzio, taa na choo, soko la jumla linalofunguliwa alfajiri. Hazina ina utaratibu wa ruzuku ya miradi ya kimkakati kwa ajili ya masoko, stendi na maegesho ya namna hii. Miradi hiyo hufeli kwa sababu moja kuliko zote: eneo. Soko zuri la zege linajengwa kilomita tatu kutoka mpakani kwa sababu ardhi kule ni ya bure, na mteja wa upande wa pili anayekuja kwa miguu au baiskeli hafiki. Vibanda vinabaki vitupu, wachuuzi wanarudi barabarani, na halmashauri inaanza kuwafukuza wateja wake yenyewe.

"Nimenunua Uganda, mbona nalipishwa?"

Mfanyabiashara mdogo ndani ya Afrika Mashariki ana utaratibu wake rahisi. Bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti kinatolewa palepale mpakani, upande wa nchi mzigo unakotoka, na afisa wa upande wa pili anakipokea. Mahindi, maharage, samaki, mayai, vitunguu na nyanya ndio mfano wa kawaida. Huhitaji wakala.

Neno linalowaponza wengi ni "zilizozalishwa". Kitenge kilichotengenezwa Asia na kununuliwa Kampala hakijageuka kuwa cha Uganda. Mitumba hivyo hivyo. Afisa akidai ushuru kwa bidhaa hizo hajavunja utaratibu. Hazimo tangu mwanzo. Pia msamaha huu ni wa ushuru wa forodha. Kodi za ndani kama VAT zinabaki pale bidhaa husika inapotozwa, na mazao bado yanahitaji ukaguzi wa afya ya mimea. Mahindi yenye sumukuvu yatarudishwa hata kama cheti cha asili ni safi.

Watu wa Tunduma na Kasumulu wasikilize vizuri hapa: cheti hiki cha Jumuiya hakiwahusu. Zambia na Malawi si wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wao wamo COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kinachowaunganisha na Tanzania ni SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na vyeti vya asili vinavyotumika ni vya SADC. Mtu aliyezoea Sirari akihamia Tunduma na mazoea yake atagonga ukuta siku ya kwanza.

Na njia za panya? Nyingi hutumiwa na watu ambao mzigo wao ungepita getini bila ushuru wowote, kwa sababu hawakuambiwa. Wanalipa bodaboda, wanalipa "mlinzi wa njia", wanahatarisha mzigo mzima, ili kukwepa ushuru wa sifuri.

Asilimia kumi ya nani?

Sheria ya fedha za serikali za mitaa, baada ya marekebisho ya 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani yasiyolindwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye mapato ya aina hiyo ya shilingi bilioni 3 inatenga milioni 300, yaani 120, 120 na 60. Tazama inavyofungamana na yaliyotangulia: ushuru wa soko ukivuja, mkopo wa kikundi nao unapungua. Aliyekubali kulipa nusu bila stakabadhi amejikopesha kidogo.

Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikijaribiwa kupitia benki. Kikundi kinaanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: usajili, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, andiko la mradi, kisha maombi kwenye mfumo. Wanaosema hiyo ni hela ya bure ya serikali wanaua mfuko wa wenzao, maana marejesho ndiyo yanayokopeshwa tena.

Vikundi vya mpakani vinaanguka kwa sababu zake maalumu. Wanakopa shilingi, wananunua kwa kwacha au kwa shilingi ya Kenya au Uganda, sarafu inayumba na faida inaliwa hapo. Wanachagua bidhaa isiyo na msamaha, mzigo unakamatwa. Au mwenye mtaji mkubwa anawakodi wanawake kadhaa wawe kikundi, mkopo unaingia kwake, na deni linabaki kwenye majina yao. Andiko zuri la mpakani linataja sarafu, njia mzigo utakakopita na karatasi zake. Maandiko mengi yanataja kuku tu.

Barabara hiyo ni ya nani

Kwa ufupi, maana ugomvi hapa hauna ulazima. Barabara kuu inayofika mpakani ni ya TANROADS. Barabara za mitaa na vijiji ni za TARURA, ambayo imekuwepo tangu 2017 na haipokei amri kwa diwani, ingawa Baraza hupelekewa mpango wake. Maji ya vijijini ni ya RUWASA, ya mjini ni ya mamlaka ya maji. Halmashauri inabaki na shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, stendi na taka. Mkutano wa mtaa unaomaliza saa mbili kumshambulia mtendaji kuhusu shimo la barabara ya TANROADS umepoteza saa mbili.

Kijiji kikigeuka mtaa

Hili ndilo linalowashtua watu wakiwa wamechelewa. Kijiji, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ni chombo chenye hadhi ya kisheria. Kinamiliki mali, kinasaini mkataba, kinashtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji una kauli juu ya ardhi ya kijiji. Kituo cha biashara kikikua na kutangazwa mji, vijiji vyake vinafutwa na kuwa mitaa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti, kamati na mtendaji, lakini hauna mali wala bajeti yake. Ardhi inahamia kwenye usimamizi wa halmashauri na mipango miji.

Kwa mpakani tofauti hiyo ni pesa taslimu. Eneo la kijiji lililokuwa likikodishwa kwa maegesho ya malori, pango lake lilikuwa likinunua madawati ya shule ya kijiji. Baada ya mabadiliko, pango linakwenda halmashauri na kugawanywa mji mzima. Mwekezaji aliyekuwa akisimama mbele ya mkutano wa kijiji kuomba eka kumi sasa anakwenda ofisi ya ardhi. Watu wanashangilia kupandishwa hadhi, mwaka unaofuata wanauliza uwanja wa mpira umekwenda wapi.

Kabla tangazo halijatoka, serikali ya kijiji inapaswa kuorodhesha mali zake zote: shule, makaburi, visima, soko, uwanja, maeneo ya wazi, pamoja na mihtasari ya vikao vilivyoyatenga. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe kwa afisa mipango miji na nyingine kwa diwani, maeneo hayo yaingizwe kwenye ramani ya mji kwa matumizi yaleyale. Eneo lisilo kwenye muhtasari wala kwenye ramani huwa kiwanja cha mtu.

Baada ya hapo kilichobaki mkononi mwa mwananchi ni ratiba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mitaa na vijiji hukusanywa kati ya Oktoba na Desemba, vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri na Kamati ya Fedha, na Baraza la Madiwani hupitisha rasimu Januari au Februari. Bunge linakaa Aprili hadi Juni. Anayedai zahanati kwenye mkutano wa Machi ataambiwa "tumelipokea", na kweli wamelipokea, kwa ajili ya Julai ya mwaka wa mbele.

Wakati wa kudai, omba karatasi mbili: makusanyo ya robo mwaka kwa kila chanzo, na orodha ya miradi iliyotengewa fedha ya ndani, kila mradi na kata yake. Ya kwanza itaonyesha kama matawi ya kampuni za forodha yanalipa ushuru wa huduma au mzigo wote uko kwa wauza mboga. Ya pili itaonyesha ile asilimia ya maendeleo ilikokwenda. Na mradi wenu ukiandikwa kwenye muhtasari, uandikwe ukiwa na kiwanja kilichopimwa na makisio ya mhandisi wa halmashauri. Boma la nguvu za wananchi lililoanzishwa bila ramani yake hukataliwa fedha ya umaliziaji, na zahanati isiyo na kiwanja hurudishwa kata hata mwaka ambao fedha ipo.